Mhariri, mvua ya korongoni hainyeshi korongoni

Mhariri,

Salamu kwako na kwa timu nzima ya gazeti. Naandika kuhusu ile makala yenu ya kurasa za safari, ile ya matembezi kwenye mito inayopita ndani ya makorongo, na nianze kwa kusema picha zilikuwa nzuri mno na nimefurahi sana kuona gazeti la Kiswahili linaipa michezo ya nje nafasi kiasi hicho, manake tumezoea kurasa hizo ziwe za hoteli na fukwe tu. Ila kuna sentensi moja imeninyima raha. Mwandishi kawaambia wasomaji wakifika mlangoni mwa korongo waangalie juu, kama jua linawaka na hamna mawingu basi waingie tu bila wasiwasi. Jamani hapana. Sentensi hiyo inaweza kuua mtu, naomba muisahihishe kwenye toleo la karibu kabisa.

Niseme kwa nini. Maji yanayopita ndani ya korongo mengi hayakunyesha pale, yamenyesha huko juu kwenye nyanda na milima ambayo wewe ukiwa chini huioni hata kidogo, unachokiona ni ukanda mwembamba wa anga katikati ya kuta mbili. Ukanda huo ukiwa wa bluu unakuambia tu kwamba juu ya kichwa chako hakunyeshi, basi, hauna habari nyingine. Na mara nyingi nchi inayozunguka makorongo ni mwamba mtupu au udongo mgumu usio na majani ya kuyashika maji, mvua kubwa ikipiga nusu saa inateremka yote kama inavyoteremka kwenye paa la bati, inakimbilia mfereji, na mfereji ndio hapo ulipo wewe na watoto na begi la chakula.

Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa kwenye korongo la Antelope kule Arizona, Marekani. Ni lile korongo jembamba lenye kuta za rangi ya chungwa zinazopinda pinda ambalo picha zake kila mtu kaziona kwenye simu. Mvua yenyewe ilinyesha mbali, pale walipo wao haikuwa na maana yoyote, na maji yakawafuata chini. Miaka miwili baadaye, Julai 27, 1999, kwenye kijito cha Saxetbach karibu na Interlaken kule Uswisi, walikufa watu 21, na hao hawakuwa watu waliojiendea wenyewe, walikuwa kwenye safari iliyopangwa na waongozaji wa kulipwa, na waongozaji watatu walikuwa miongoni mwa waliokufa. Dhoruba ilipiga sehemu ya juu ya bonde. Nasema hivi kwa sababu makala yenu inamalizia kwa kusema ukiwa na mwongozaji huna haja ya kuwaza, mimi naona mwongozaji ni wa kuwa naye kabisa, ila wewe pia uwaze. Na tusijidanganye kwamba haya ni ya huko Ulaya na Marekani, kwenye korongo la Njorowa ndani ya hifadhi ya Hell's Gate nchini Kenya watu walisombwa na mafuriko ya ghafla mwaka 2012 na ikatokea tena 2019, na pale ni sehemu ambayo siku ya kawaida unatembea kwenye mchanga mkavu na maji ya kukanyaga tu.

Sasa mtu atauliza, nitajuaje? Cha kwanza ni kuuliza habari ya hali ya hewa ya eneo lote linaloingiza maji kwenye korongo, sio ya lango la korongo, yaani uulize mto huu unaanzia wapi, vijito gani vinaingia, na huko kumenyesha lini na kunatarajiwa nini leo mchana. Kwenye nchi nyingi za joto dhoruba hujikusanya mchana kwenda jioni, kwa hiyo anayeingia alfajiri akatoka kabla ya saa sita yuko salama zaidi ya yule anayefika saa nane baada ya chakula. Walinzi wa hifadhi wakisema leo hapaingiwi, hapaingiwi, wala usianze kubishana nao kwamba umetoka mbali.

Cha pili, ukiwa ndani angalia kuta. Mimi hiki ndicho huwa nawaonyesha wenzangu kabla ya kitu chochote. Kwenye sehemu nyembamba inua macho, utakuta gogo limenasa kati ya kuta mbili, kavu, jeupe limepaushwa na jua, liko juu ya kichwa chako mara mbili au tatu ya urefu wako, na limekumbatiwa na vijiti, nyasi na matope yaliyokauka, kuna wakati mpaka kiatu. Hakuna mtu aliyepanda kuliweka pale. Ni mto umeliweka, na huo ndio urefu wa maji siku yalipopita. Ukishaliona hilo gogo huhitaji kufundishwa tena na mtu, unaanza mwenyewe kuhesabu, hapa naweza kupanda wapi, ile kingo kule imefikia juu ya mstari wa takataka au haijafika, tukitembea dakika kumi mbele kuna pa kutokea au ni kuta tupu. Hesabu hiyo ifanyike kila kona, sio mara moja mlangoni.

Alafu mto wenyewe huwa unasema kabla. Maji yaliyokuwa maangavu yanaanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa, vinapita vijiti na majani na povu ambavyo dakika tano zilizopita havikuwepo, jiwe ulilokuwa umekanyaga limefunikwa, unasikia mngurumo kama wa gari kubwa ambalo halifiki, saa ingine upepo wa baridi wenye harufu ya tope unatangulia. Ukiona kimoja tu usisubiri cha pili. Usikimbie kwenda chini na mto kwa sababu utakimbizwa na kitu kinachokuzidi mbio, panda juu, acha begi, acha simu iliyoanguka, panda. Na msidharau maji ya kifundo cha mguu, maji ya sentimita 15 yakiwa na kasi yanamwangusha mtu mzima, sentimita 60 zinabeba gari. Meta moja ya ujazo ya maji ni tani nzima, na maji yakiongeza kasi mara mbili nguvu yanayokusukuma nayo inakuwa kama mara nne. Na hapo nazungumzia maji tu, wakati mafuriko ya korongoni huja na mawe na magogo.

Msije mkanisoma kama mtu anayetaka watu wakae nyumbani. Mimi nataka waende! Kushuka ndani ya korongo lenye mto ambao bado unatiririka wenyewe ni jambo ambalo naona kila mwenye afya angelipata walau mara moja. Ila nataka waende wakijua kwamba kila walichokuja kukitazama kimetengenezwa na hayo hayo mafuriko. Kwa mfano yale maporomoko ambayo watu wanayashuka kwa boti za mpira na kayaki, watu wengi wanadhani ni mwamba wa mto umekatika basi, kumbe kwenye Grand Canyon, lile korongo kubwa la mto Colorado kule Arizona, sehemu kubwa ya maporomoko yako pale ambapo korongo dogo la kando linaingia mto mkubwa. Mafuriko ya lile korongo dogo yanasukuma mawe makubwa kama magari hadi mtoni, mto unabanwa, unapanda, unamwagikia upande wa pili kwa fujo. Poromoko la Crystal lilikuwa la kawaida hadi Desemba 1966, mvua kubwa ikaleta mawe kutoka kijito cha Crystal, na tokea hapo likawa moja ya yanayoogopwa sana kwenye mto Colorado. Yaani mafuriko ya mara moja tu yakabadilisha mto ambao watu walikuwa wanaujua kwa miaka.

Ndio maana wanaojua mito hawashuki kwa kukumbuka, wanashuka kwa kuangalia. Wanasimamisha boti juu ya poromoko, wanapanda ukingoni, wanatazama. Maji laini yanayochora herufi V yenye ncha kuelekea chini ya mto, hapo kwa kawaida ndio njia, maji yanapita kati ya mawe mawili. V ikiwa na ncha inayotazama juu ya mto, hapo kwenye ncha kuna jiwe limejificha. Nyuma ya jiwe kubwa maji yanarudi nyuma taratibu kama yamesahau njia, hapo ni pa kupumzikia, boti inaingia inatulia. Lakini mahali ambapo maji yanamwagika juu ya kitu na kujirudia rudia palepale yakizunguka, hapo panaweza kumshika mtu na kumzungusha asitoke, hapo ni pa kukwepa. Na mti ulioanguka mtoni ni mbaya kuliko mawimbi yote, maji yanapenya kwenye matawi ila mwili haupenyi. Hivi vitu vinafundishika kwa nusu saa ukingoni, na sijawahi kuviona kwenye kurasa zenu hata siku moja.

Na kama ukitazama na kuona hapafai, unabeba boti pembeni, hamna aibu hapo. John Wesley Powell, yule mwanajeshi aliyepoteza mkono mmoja vitani, alipoongoza watu wa kwanza kurekodiwa kupita Grand Canyon nzima mwaka 1869, walitoka na watu kumi na boti nne za mbao, na sehemu nyingi hawakushuka, waliteremsha boti kwa kamba au walizibeba juu ya mawe siku nzima huku njaa inawauma kwa sababu chakula kilishaoza na kingine kuzama. Mmoja aliacha safari mapema. Agosti 28 watu watatu wakasema hili poromoko lililo mbele hatulishuki, wakapanda kutoka nje ya korongo kwa miguu, hawakuonekana tena. Waliobaki wakashuka, na siku iliyofuata walikuwa nje ya korongo. Watu hupenda kuitumia hadithi hii kusema jasiri ndiye anayepona, mimi siioni hivyo hata kidogo, wale sita walifika kwa sababu ya miezi mitatu ya kusimama, kutazama na kubeba, na wale watatu hawakuwa waoga, walikuwa watu waliochoka na wenye njaa wanaoamua kwenye hali ngumu.

Kuhusu madaraja ya ugumu wa kushuka mto, makala yenu imeandika kwamba mto fulani ni daraja la 3 kana kwamba ni umri wake. Madaraja yanakwenda 1 hadi 6, na la 6 ni kama kusema usiguse, ila daraja linategemea kiasi cha maji siku hiyo. Tazameni Zambezi chini ya Mosi-oa-Tunya, yaani maporomoko ya Victoria, kwenye korongo la Batoka lenye kuta nyeusi za basalti. Maji yakipungua, kama Agosti hadi Desemba, watu wanaanza kushuka karibu kabisa na maporomoko makubwa, maji yakijaa sehemu ya juu inaachwa, safari inaanzia mbele zaidi, na yakizidi kabisa hakuna safari. Na mto ule unajaa sana kama mwezi wa nne hivi, wakati mvua za pale zinaelekea kuisha au zimeshaisha, kwa sababu maji yametoka mbali huko juu yakachukua wiki nyingi kufika. Narudi palepale, maji ya korongo yana safari yake.

Kuna na mito ambayo inapanda bila tone la mvua popote, ile yenye bwawa la umeme juu yake. Tangu bwawa la Glen Canyon lianze kuzuia Colorado mwaka 1963, maji yanayoingia Grand Canyon yanatoka vilindini mwa ziwa, kwa kawaida ni ya baridi hata kiangazi wakati hewa ya chini ya korongo inapita nyuzi 40, na kiwango chake kinapanda na kushuka ndani ya siku moja kufuata mahitaji ya umeme. Wanaolala kwenye mchanga wanajua, unafunga boti vizuri jioni, asubuhi unaikuta iko kwenye mchanga mkavu, au maji yamefika kwenye hema. Maji hayo ya baridi nayo ni hatari ya peke yake, ukiangukia humo pumzi inakukatika na dakika chache tu mikono haishiki kamba. Kwa hiyo jaketi okozi ifungwe mpaka ikaze, sio ya kukalia, na helmeti pia. Ukianguka lala chali, miguu mbele juu ya maji ikielekea unakopelekwa, usijaribu kusimama kwenye maji ya kasi yanayopita goti kwa sababu mguu unanasa kati ya mawe na maji yanakulaza kifudifudi palepale. Kusimama ndicho kitu cha kwanza mwili unataka kufanya, kwa hiyo mtu aambiwe kabla.

Bwawa hilo hilo limekula na fukwe za mchanga za korongo, manake matope na mchanga vinabaki ziwani, ndio maana tangu 1996 wamekuwa wakifungulia maji mengi kwa makusudi mara kadhaa ili mchanga uliolala chini ya mto unyanyuliwe uwekwe tena kingoni. Mafuriko ya kutengenezwa ili kurudisha kilichokuwa kinaletwa na mafuriko ya bure. Marekani hao hao mwaka 1968 walipitisha sheria ya mito ya asili, wakaanza na mito minane ikiwemo Rogue na tawi la kati la Salmon, kwamba hii tunaiacha itiririke, na mimi naona hiyo ni moja ya sheria nzuri sana zilizowahi kuandikwa kuhusu maji. Lakini hilo ni la barua nyingine.

Mkiandika tena, andikeni na vile vitu vidogo ambavyo mtu anavipita akikimbilia kupiga selfi. Vile visima vya duara ndani ya mwamba mgumu, laini kama vimechongwa na fundi, ukichungulia ndani utakuta kokoto mbili tatu za mviringo, hizo ndizo zilizochimba, maji yakizizungusha miaka na miaka. Chemchemi zinazotoka katikati ya ukuta mkavu, pale maji yaliyopenya mwamba wa mchanga yanapokutana na tabaka lisilopitisha maji yakakosa pa kushukia yakatokea pembeni, na chini yake unakuta majani ya kijani na maua mahali ambapo meta kumi tu mbele hakuna hata nyasi. Michirizi myeusi kwenye kuta. Vipanga wanaotaga kwenye kingo za genge. Usinawe kwa sabuni kwenye visima hivyo hata kama mnasema ni ya mimea, kuna vyura na wadudu ambao dunia yao nzima ni hicho kidimbwi.

Na choo, lazima niseme, kwa sababu korongo ni jembamba na kila mtu analala kwenye mchanga ule ule. Kwenye mito mikubwa ya makorongo kama Colorado kinyesi kinabebwa ndani ya chombo kinachofungwa mpaka mwisho wa safari, kinatoka na nyie, na moto unawashwa ndani ya sinia la chuma na majivu yanabebwa pia. Mahali pasipo na sheria hiyo nendeni mbali na maji, walau meta 60, mchimbe. Kama huwezi kubeba ulichokuja nacho usiende.

Namibia wana utaratibu ambao naupenda kwenye korongo la mto Fish, ambapo watu wanatembea kama km 85 siku kadhaa chini ya kuta. Hairuhusiwi nje ya msimu wa Mei hadi katikati ya Septemba, kwa ajili ya joto na mafuriko, hauendi peke yako, na unaonyesha cheti cha daktari kwamba unaweza. Kuna watu wanalalamika kwamba ni urasimu. Mimi naona ni heshima kwa mtembezi na kwa wale watakaotumwa kumtafuta.

La mwisho ambalo makala haikugusa kabisa, ndani ya korongo simu haishiki, na hata vile vifaa vya setilaiti vinahangaika kwa sababu vinaona anga kidogo tu. Kwa hiyo kabla ya kuingia mwachie mtu ambaye hamwendi naye karatasi yenye majina yenu wote, mnaingilia wapi, mnatokea wapi, saa ngapi mnatarajia kuwa nje, na saa ngapi akiwa hajawasikia apige simu na ampigie nani. Hiyo saa ya pili ndio watu wanasahau kuiandika, matokeo yake ndugu anakaa usiku kucha anajiambia labda wamechelewa tu njiani.

Wako msomaji,
mpenda mito